Kware niliyoijua mezani pa magazeti

Kazi ya kukata magazeti haina heshima kubwa maktabani. Unapewa makasi, gundi na rundo la magazeti ya wiki iliyopita, unatafuta kila habari inayohusu mitaa ya Nairobi, unaikata, unaibandika na kuitia kwenye faili yake. Mimi niliipenda kuliko kukaa kaunta nikibishana na wanafunzi juu ya faini. Faili ya Kaloleni ilikuwa nene: nyumba zilizojengwa miaka ya 1940, ukumbi ambamo wanasiasa Waafrika walikutana hadi watu wakauita bunge, kandanda, malalamiko ya kodi. Ya Kware, mtaa wa Embakasi, ilikuwa nyembamba, na karibu kila kilichokuwemo kilikuwa msiba.

Juni 2017 ghorofa ya orofa saba iliporomoka huko, nyufa zikiwa zimeshaonekana kabla. Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa kwenye machimbo ya zamani ya mawe yaliyogeuzwa jaa la taka, na kwa siku kadhaa Kware ikawa kurasa za mbele. Hata moto wa mtaa wa mabanda wa Sinai wa Septemba 2011, uliowaua zaidi ya watu 100 mafuta yalipovuja kwenye bomba, niliunakili na kuuweka humo kwa sababu ya ujirani. Anayeisoma faili hiyo bila kufika Embakasi atadhani Kware ni mahali watu wanapofia tu.

Lakini Kware ni mahali watu wanapotoka kwenda kazini. Kabla hakujapambazuka njia za mtaa wa mabanda wa Mukuru zinajaa miguu ikielekea Lunga Lunga na Eneo la Viwanda, maana nauli ya matatu kwenda na kurudi ingekula sehemu nzuri ya ujira wa siku. Njiani mama wa uji amekaa na ndoo yake yenye kifuniko na vikombe vya plastiki. Mbele ya kiwanda vibarua wamesimama wameshika vitambulisho juu. Supavaiza anatoka, anachukua vitambulisho vya idadi anayotaka, anarudi ndani. Waliobaki hungoja kidogo, kisha hujaribu geti linalofuata. Nimekata magazeti miaka mingi na sikuwahi kuiona habari hiyo, kwa kuwa inatokea kila siku.

Mabadiliko ya kazi hizo niliyaona kwa wasomaji wetu. Zamani walikuja wanaume wa ajira ya kudumu, wametoka shifti ya usiku, mafuta ya mashine yakiwa bado kwenye kucha. Walitaka gazeti, tena walilisoma lote, kuanzia siasa hadi matangazo ya vifo, na wakisinzia tuliwaacha. Kisha ukaja uchumi wa soko huria miaka ya 1990. Mitumba ilimiminika, viwanda vya nguo vikashindwa kupumua. Kikomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret ni majina ambayo kila mtu anayajua, ila mawimbi ya anguko hilo yalifika hadi Eastlands, upande wetu wa jiji. Wasomaji wakaanza kuja na bahasha za kaki zenye vyeti. Hawakuanzia ukurasa wa kwanza tena. Na ukurasa wa nafasi za kazi ulikuwa unakatwa kwa wembe kabla ya saa nne asubuhi, kwa unadhifu ambao, nikisema ukweli, uliushinda wangu.

Baadaye wakaja wasiotaka kitabu wala gazeti. Ni wanafunzi walioleta madaftari yao na kutafuta kiti. Huko Kware na mtaa jirani wa Pipeline, ghorofa zimebanana kiasi kwamba taa ya korido huwaka mchana, na chumba kimoja ndicho jikoni, sebule na kitanda cha watu watano. Wakuu wetu walilalamika kwamba takwimu za uazimaji zinashuka. Sikuona tatizo. Mtoto aliyekosa meza nyumbani akaipata maktabani amehudumiwa, hata kama hakugusa rafu.

Maktaba yenyewe ina historia ya kuchagua nani aketi. McMillan ilipofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958; baraza la jiji liliichukua 1962. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk liliafikiana na kaunti kuikarabati McMillan na matawi yake, likaanza na yale ya Kaloleni na Makadara huku Eastlands. Nimefurahi kuona rangi mpya na viti vinavyokalika. Kwenye rafu, hata hivyo, bado ni rahisi kupata maisha ya mlowezi mmoja wa miaka ya 1920 kuliko ya mtaa mzima wa wapangaji.

Kazi ya kujaza pengo hilo haihitaji jengo jipya. Kuna vya kukusanya: risiti za kodi za wakati ploti zilikuwa za mabati, kadi za kazi za viwanda vilivyofungwa, picha za timu ya kanisa. Zinaswe pia sauti, kwa sababu mengi hayakuandikwa. Mimi ningepewa kinasa sauti leo, nisingeanza na landilodi wala mwakilishi wadi. Ningeanza na mama wa uji. Anajua kiwanda kipi kinaajiri wiki hii, supavaiza gani hudai hongo, na nani kati ya wateja wake wa jana hajapita leo.