Virusi vya kompyuta katika ofisi za parokia: tuchague kinga ipi?



Ndugu wasomaji, siku hizi parokia nyingi zina kompyuta ofisini. Humo tumeweka kumbukumbu za ubatizo na ndoa, hesabu za zaka, taarifa za miradi ya maji na orodha za watoto yatima wanaolipiwa ada. Kamati nyingi hujiuliza kama ni lazima kununua programu ya kuzuia virusi, na kama ni lazima, ipi. Katika makala haya tunalinganisha programu zilizopo, na kueleza la kufanya kompyuta ikishaambukizwa.

Virusi vinatufikiaje?

Makambako ni njia panda. Barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA zinapita hapo, na barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Watu na mizigo hukutana Makambako, na flashi zao pia.

Tuchukue mfano. Katibu wa parokia ya kijijini ameandika taarifa ya robo mwaka. Anaiweka kwenye flashi na kupanda basi kwenda mjini kuichapisha katika duka la stesheneri. Kompyuta ya dukani imekwisha kuchomekwa flashi za watu wengi tangu asubuhi. Akirudi ofisini anakuta kila folda imegeuka alama ya njia ya mkato, na akibofya haoni kitu. Anamwita kijana anayejua kompyuta, naye anaifomati flashi. Taarifa imepotea, na mfadhili anaingoja.

Kumbe faili zilikuwa bado zimo. Kirusi cha aina hii hakifuti faili, bali huzificha na kuweka alama za uongo mahali pake. Anayebofya alama hiyo ndiye anayekiruhusu kuingia katika kompyuta yake. Kilichopoteza taarifa ni kule kufomati.

Mkulima wa viazi wa Njombe anaelewa jambo hili. Mbegu yenye mnyauko bakteria inaweza kuonekana nzima kabisa, lakini ukiipanda unaingiza ugonjwa shambani. Flashi nayo usiiamini kwa kuitazama, ikague kwanza.

Njia nyingine ni barua pepe zenye viambatisho vya uongo, programu za wizi zilizovunjwa leseni, na Windows isiyosasishwa. Hii ya mwisho wengi huidharau. Kirusi kiitwacho Conficker kilianza kuenea Novemba 2008, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kukizuia mwezi Oktoba. WannaCry, kilichofunga faili za watu na kudai fidia Mei 2017, kilipitia tundu ambalo kiraka chake kilitolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakusasisha.

Programu zenyewe

*Microsoft Defender.* Hii imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na haina malipo ya ziada. Maabara huru zinazopima programu hizi, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, zimeipa kwa miaka ya karibuni alama zinazokaribiana na za programu za kulipia. Ina udhaifu mmoja unaotuhusu sana: sehemu ya nguvu yake hutegemea intaneti. Kompyuta isipounganishwa, uwezo wake wa kutambua virusi hupungua. Ofisi inayokaa wiki nzima bila bando isijidanganye kwamba iko salama.

*Avast, AVG na Avira.* Matoleo yao ya bure yalienea sana enzi za Windows XP. Leo zote tatu ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital, inayomiliki pia Norton. Zinakamata virusi vizuri, ila zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, leseni ya bure ya Avast na AVG ni kwa matumizi binafsi ya nyumbani, si ya ofisi. Pili, kampuni tanzu ya Avast iliyoitwa Jumpshot ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji walitembelea. Ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5. Kinachoitwa cha bure huweza kuwa na bei nyingine.

*ESET, Bitdefender, Kaspersky na Norton.* Hizi hulipiwa kwa mwaka. Hufaa hasa penye kompyuta nyingi zinazosimamiwa na mtu mmoja, kama ofisi ya dayosisi, shule au hospitali. Ila leseni ikiisha, masasisho hukoma, na programu isiyosasishwa ni kama mlinzi aliyelala. Kuhusu Kaspersky, iliyotengenezwa Urusi, serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo mwaka 2024. Parokia yenye mradi wa fedha za Marekani iulize kwanza masharti ya mfadhili.

*Malwarebytes.* Toleo lake la bure husafisha kompyuta iliyokwisha ambukizwa, lakini halilindi muda wote. Tuione kama daktari wa kutoa maoni ya pili, siyo mlinzi wa mlangoni.

Angalizo: usiweke programu mbili za ulinzi wa muda wote katika kompyuta moja. Huzuiana zenyewe kwa zenyewe na kuifanya kompyuta iwe nzito.

Kompyuta ikishaambukizwa

1. Ondoa flashi zote na uzime intaneti. Usichomeke diski yenye nakala zako, nayo itaambukizwa.

2. Usifomati chochote. Kama ni folda zilizogeuka njia za mkato, usizibofye. Peleka flashi kwenye kompyuta salama, ikague kwa Defender, kisha amuru Windows ionyeshe faili zilizofichwa. Nakili nyaraka zako tu, usinakili faili usizozijua.

3. Katika Windows 10 na 11, fungua Windows Security, ingia kwenye aina za ukaguzi na uchague ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao. Kompyuta itajizima, kuwaka tena, na kukaguliwa kabla Windows haijaanza. Kwa hiyo kirusi hakipati nafasi ya kujificha. Kazi hii huchukua kama robo saa.

4. Kagua tena kwa Malwarebytes.

5. Ukiona tangazo la kudai fidia, usilipe. Anayelipa hana hakika ya kurudishiwa faili. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na kampuni za usalama, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Toa pia taarifa polisi.

6. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama, badilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya akaunti za benki.

Kwa nini jambo hili ni la kamati nzima?

Wengine husema hii ni kazi ya katibu. Tufikiri zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kuwa Njombe ndio mkoa uliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 11.4 ya watu wazima. Ndiyo maana katika ofisi zetu mna orodha za wagonjwa wanaotembelewa nyumbani na watoto waliofiwa na wazazi. Orodha hiyo ikipotea, mtoto anaweza kukosa ada. Ikivuja, familia inaweza kunyanyapaliwa, na aibu hiyo haifutwi na programu yoyote. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Tunashauri nini?

Kwa ofisi yenye kompyuta moja au mbili za Windows 11, Defender inatosha, mradi isasishwe. Fedha ambazo zingenunua leseni zinunue diski mbili za nje za kuhifadhia nakala, na bando la kusasisha angalau mara moja kwa wiki. Diski moja ikae ofisini bila kuchomekwa, nyingine ikae jengo jingine. Programu bora kuliko zote haitarudisha faili ambayo haina nakala.

Taarifa ya kuchapishwa mjini iwekwe kwenye flashi ya pekee isiyo na kitu kingine, na ikirudi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Orodha za wagonjwa na watoto zisipande basi kabisa.

Kwa wafadhili wetu wanaotupatia kompyuta zilizotumika, tunawashukuru sana. Tunaomba mkumbuke kwamba masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kuituma kompyuta, hakikisheni kwamba inakubali Windows 11, au iwekewe Linux, ambayo ni ya bure na hutosha kwa barua na hesabu.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Katika kikao kijacho, kamati iulize swali moja tu: kompyuta yetu ikifa usiku huu, kesho asubuhi tutabaki na nini? Kama hakuna ajuaye jibu, kazi ianzie hapo.