Utando Mweupe Juu ya Sahani

Mwaka 1886 Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipewa hataza ya mashine ya kuoshea vyombo kwa kurusha maji kwa nguvu. Miaka hiyo Unguja ilikuwa chini ya Sayyid Barghash (1870–1888), aliyewaletea wakazi wa mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za kaskazini. Siku hizi mashine na maji hayo hukutana katika majiko ya hoteli za Mji Mkongwe, wala hayapatani daima. Sahani hutoka na utando mweupe, na makombo yamegandamana. Mwenye mashine huzidisha sabuni, kisha huilaumu mashine.

Chanzo kimo ardhini. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa yaliyofanyika kwa matumbawe, jamii ya mawe yaliyojengewa kuta za Mji Mkongwe. Maji ya mvua huchukua kaboni dioksidi hewani, na zaidi udongoni, yakawa asidi hafifu. Yapenyapo katika mawe hayo huyayeyusha kidogo kidogo na kubeba kalsiamu bikabonati. Ndiyo maji magumu. Yakipashwa moto, kaboni dioksidi hutoka, na kalsiamu kabonati hurudi kuwa jiwe, kama ionekanavyo ndani ya birika kuukuu. Katika mashine jiwe hilo hufunika kipasha-moto na kuziba vitundu vya mikono inyunyizayo maji.

Kabla ya kuita fundi, utando huo na upimwe. Ukitoka kwa maji ya mvua pekee, ni chumvi: huenda maji yametoka katika kisima cha pwani kilichoingiliwa na bahari. Ukitoka kwa siki au ndimu tu, ni chokaa. Usipotoka kwa vyote viwili, yawezekana ni mafuta, au bilauri yenyewe imelika, na hiyo haina dawa.

Kwa chokaa, chujio lisafishwe, vitundu vizibuliwe kwa kijiti, kisha mashine iendeshwe tupu kwa maji moto na kikombe cha siki. Mashine nyingi zina chumba cha chembe za resini, ambazo hunasa kalsiamu na kutoa sodiamu. Chembe hizo huchoka, na maji ya chumvi ndiyo huzirudishia sodiamu. Chumvi iwe safi na ya mawe. Ile ghafi ya bahari huwa na magnesi na kalsiamu, yaani ugumu uleule uliokuwa ukifukuzwa. Maji ya kisima chenye chumvi hayatengenezwi na resini, tena hula hata chuma kisichoshika kutu. Hapo ni kubadili maji.

Wanafunzi waweza kuupima ugumu darasani. Maji ya mvua na ya bomba, kwa kipimo kimoja, yatiwe katika chupa mbili; myeyusho wa sabuni ya mche udondoshwe huku chupa zikitikiswa, na matone yahesabiwe hadi povu lidumu. Maji ya bomba yachemshwe, yachujwe, yapimwe tena. Matone yaliyopungua ni ugumu wa muda. Yanayozidi yale ya maji ya mvua ni ugumu wa kudumu, usioondoka kwa moto.