Kesi Ikifutwa, Mshtakiwa Yuko Huru Kiasi Gani?

Kufutiwa mashtaka na kuonekana huna hatia ni mambo mawili, ingawa yote humtoa mshtakiwa mahabusu. Aliyeachiwa baada ya mahakama kupima ushahidi na kumwona hana hatia hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Aliyefutiwa mashtaka, mara nyingi, anaweza.

Nchini Tanzania mwenye kauli hapa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, maarufu kama DPP. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu kusitisha kesi yoyote ya jinai wakati wowote kabla ya hukumu. Wakili wa Serikali husimama na kueleza kwamba DPP hana nia ya kuendelea na shauri, au huwasilisha hati inayosema hivyo. Halazimiki kutoa sababu: pengine ushahidi ni dhaifu, pengine shahidi ametoweka. Hakimu naye hana cha kupima; humwachia mshtakiwa palepale, na waliomdhamini hawadaiwi tena kitu. Lakini sheria hiyohiyo inasema kuachiwa huko hakuzuii mashtaka mapya kwa mambo yaleyale. Ndiyo maana si ajabu ndugu waliokuja kumpokea mtu wao wakamwona akikamatwa tena na polisi kabla hajavuka geti la mahakama.

Kesi ya ugaidi iliyomkabili Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, na wenzake watatu inaonyesha ukubwa wa mamlaka hayo. Februari 2022 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kwamba wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, kabla hawajaanza kujitetea, DPP aliiondoa. Mbowe akatoka baada ya miezi zaidi ya saba mahabusu, lakini hakuna jaji aliyetamka kama walitenda au hawakutenda. Kwa mtu aliyetajwa kwa ugaidi, hilo si jambo dogo.

Mambo hubadilika mwendesha mashtaka anapoiondoa kesi kwa njia ya kawaida, kwa idhini ya mahakama. Hapo huangaliwa kesi imefika wapi. Kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, huachiwa tu na anaweza kurudishwa kizimbani. Baada ya hapo, huhesabiwa kuwa hana hatia. Hali ni hiyohiyo hakimu akiona mashahidi wa upande wa mashtaka hawakuacha jambo la kujibiwa: hufuta shtaka na kumwona mshtakiwa hana hatia, bila kumsumbua kujitetea.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imembana zaidi DPP wa huko. Hawezi kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama, na akifanya hivyo baada ya upande wake kufunga ushahidi, lazima mshtakiwa aonekane hana hatia. Kesi iliyofika pale ilipofika ile ya Mbowe, ikiondolewa Nairobi, haiwezi kufunguliwa tena.