SIRI YA BIBI, UHAI WA MJUKUU

Leo tuzungumze habari za siri za ukoo, hasa zile wanazozitunza wanawake. Akina baba nao wasome, maana jambo hili linawahusu.

Kila ukoo una siri zake. Nyingine ni za heshima: ugomvi uliokwisha, deni lililolipwa, neno la aibu lililosamehewa. Hizo zibaki zilipo. Lakini ziko siri zinazoua. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Siri inavyopita toka bibi hadi mjukuu

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja huku kwetu Kakonko alifariki wakati wa kujifungua, akaacha mtoto wa kike. Dada yake akamchukua mtoto yule, akamlea. Mtoto akamwita mama. Ukoo ukakubaliana kunyamaza ili mtoto asijione yatima. Ulikuwa upendo mkubwa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Sasa mtoto yule amekua, ameolewa, ana mimba ya kwanza. Anakwenda kliniki. Muuguzi anamwuliza, "Mama yako alipata shida yoyote alipokuwa na mimba?" Anajibu, "Hapana, mama yangu ni mzima, yuko shambani anapalilia maharage."

Hasemi uongo. Anasema anachokijua. Kumbe mama aliyemzaa alikufa kwa kifafa cha mimba, na bibi analijua jambo hilo. Mama mlezi naye analijua. Mwenye mimba peke yake ndiye asiyejua.

Kifafa cha mimba ni nini?

Ni ugonjwa unaotokana na shinikizo la damu kupanda wakati wa mimba. Kwa kawaida huanza baada ya miezi mitano. Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na maumivu juu ya tumbo. Baadaye mama huanguka na kutupa mikono na miguu. Degedege hilo laweza kuja kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua, au hata siku chache baadaye.

Watu wengine husema, eti amerogwa. Siyo kweli. Ni ugonjwa, na hospitali wanayo dawa ya sindano ya kuzuia degedege hilo. Unaweza kumpata mama yeyote, hasa mwenye mimba ya kwanza. Lakini mwanamke ambaye mama yake mzazi au dada yake aliugua ugonjwa huu yumo katika hatari zaidi. Muuguzi akijua mapema atampima kwa karibu, na mganga anaweza kumwanzishia dawa ya kinga. Asijinunulie dawa mwenyewe dukani.

Fundisho la Kigoma

Mkoa wetu unao ushahidi kwamba kifo kikizungumzwa wazi hupungua. Mwaka 1984, katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma, vifo vya wazazi vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake hawakusema, "Ni kazi ya Mungu," wakanyamaza. Walichunguza sababu za vifo, wakarekebisha yale yaliyokuwa katika uwezo wao. Ilipofika mwaka 1991, hesabu ilikuwa imeshuka hadi 186. Yaani pale walipokuwa wakifa wazazi watano, sasa alikufa mmoja.

Hospitali iliweza kwa sababu ilitafuta chanzo cha vifo. Ukoo nao unaweza.

Siri nyingine: watoto wanaougua mara kwa mara

Uko ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Mtoto hupungukiwa damu, huumwa viungo, na mikono yake huweza kuvimba. Mara nyingi lawama humwangukia mama: "Ukoo wao una mkosi." Basi mama huficha, na bibi huficha watoto aliowazika.

Ukweli ni huu: mtoto huupata ugonjwa huu kwa kurithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Wazazi wote wawili wakiwa na chembe moja ya urithi huo kila mmoja, basi katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mkosi haumo hapo, wala kosa la mwanamke. Kipimo cha damu huonyesha.

Tufanye nini?

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunacho chombo ambacho bibi zetu wengi hawakuwa nacho: kalamu.

1. Nunua daftari dogo. Liwe daftari la ukoo.
2. Kaa na bibi, mama, mama mkubwa, mama mdogo na shangazi. Waulize kwa adabu, mkiwa peke yenu, labda mnapomenya mihogo.
3. Andika: nani alifariki akijifungua? Nani alianguka degedege? Nani alitoka damu nyingi? Nani alipasuliwa? Watoto wangapi walikufa, na waliugua nini?
4. Daftari litunzwe sandukuni. Si la kusomwa sokoni.
5. Mwenye mimba akienda kliniki, amweleze muuguzi yaliyomo. Muuguzi anatakiwa kutunza siri ya mgonjwa.

Na yule mama mlezi, je? Amwambie binti yake polepole, kabla mimba haijawa kubwa: "Aliyekuzaa ni dada yangu. Mimi ni mama yako hata leo. Nakuambia ili uishi." Maneno hayo hayavunji undugu. Binti atalia kidogo, kisha atajua kwamba alipendwa na mama wawili.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Ni siri zipi za ukoo zifaazo kubaki, na zipi zifaazo kusemwa?
2. Kwa nini muuguzi huuliza habari za mama mzazi?
3. Katika ukoo wenu, ni nani mzee anayejua mambo haya? Utamwuliza lini?