Sekunde Tano za Simu Barabara ya Thika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari yanayotoka Thika huwa yamekwenda bila kizuizi kupitia Witeithie na Juja kwa karibu kilomita ishirini. Barabara ni pana, lami ni laini, na mshale wa spidi unacheza karibu na 100. Kisha yanafika Ruiru, pale Eastern Bypass inapoungana na Barabara ya Thika, na taa nyekundu zinaanza kuwaka mbele, moja baada ya nyingine. Mwenye Vitz anayetazama mbele anakanyaga breki na kusimama. Aliye nyuma yake ana Demio, na macho yake yako kwenye simu iliyolala pajani. Anapoyainua, buti ya Vitz tayari imejaa kwenye kioo chake.

Kwa wakazi wa Thika na Ruiru, kishindo kinachofuata si habari ngeni. Bampa mbili zinavunjika, abiria wa kiti cha nyuma anashika shingo, madereva wanashuka kulaumiana katikati ya njia, na foleni inarudi nyuma hadi Kimbo. Jioni, mtu akihadithia nyumbani, atasikia faraja ile ile: ajali haina kinga.

Faraja hiyo ni nzuri kwa aliyeangukiwa na mti. Haimfai aliyegonga gari lililokuwa mbele yake. Ajali ya kugonga kwa nyuma ina kinga kuliko karibu ajali nyingine zote, kwa sababu kiini chake ni vitu viwili ambavyo dereva anavishika mwenyewe: macho yake, na nafasi aliyoiacha mbele ya gari lake.

Barabara pana, miji iliyofurika

Barabara ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, baada ya ujenzi ulioanza 2009 na kugharimu takriban Sh32 bilioni, sehemu kubwa ikiwa mikopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China. Safari ya Thika hadi Nairobi, ambayo zamani ingeweza kula saa mbili na zaidi, ikawa ya chini ya saa moja kwa asiyekutana na foleni. Watu wakahamia kando yake. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi wasiofika 240,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ilipata zaidi ya 490,000. Thika nayo ilikuwa na zaidi ya 250,000.

Wengi wa wakazi hao wapya walinunua gari lao la kwanza papa hapa. Ni Vitz, Passo, Demio, March au Alto: gari dogo la mtumba kutoka Japani, lenye injini ndogo, linalokunywa mafuta kidogo na kuingia popote penye nafasi ya kuegesha. Hapana aibu yoyote katika hilo. Gari hilo limempeleka mwalimu shuleni, limembeba mama mjamzito usiku, limempa kijana kazi ya teksi. Lakini limeingia katika barabara inayochanganya mambo yasiyopatana: mwendo wa barabara kuu na maisha ya mtaani. Matatu ya Juja husimama kushusha abiria palipo na steji na pasipo na steji. Lori la mawe ya Ndarugo hupanda mlima kwa mwendo wa kutambaa. Bodaboda hukatiza. Mwezi wa Julai, ukungu hutanda alfajiri kati ya Juja na Thika hadi dereva anaona magari mawili tu mbele yake. Mtu anayetoka 100 anaweza kutakiwa kufika sifuri bila onyo lolote isipokuwa taa za breki za aliye mbele.

Hesabu ya mita

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, aliye macho, huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Hapo ameshakula hadi mita 33 bila kupunguza chochote. Lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzuri, breki zenyewe zitahitaji kama mita 35 zaidi. Jumla inakaribia 70. Kwa kilomita 100 kwa saa, jumla hiyo inakaribia mita 100. Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa zimeisha meno, inapita hapo.

Sasa ongeza simu. Kusoma ujumbe mfupi kunaweza kuchukua sekunde tano. Kwa kilomita 80, sekunde tano ni mita 111: dereva amevuka uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli, akiwa kipofu. Baada ya hapo ndipo zile mita 70 zinaanza kuhesabiwa.

Watafiti wa chuo cha Virginia Tech nchini Marekani waliwahi kufunga kamera katika magari 100 na kuyafuata kwa takriban mwaka mmoja. Matokeo yaliyotolewa 2006 yalionyesha kwamba katika karibu asilimia 80 ya migongano waliyorekodi, dereva alikuwa ameondoa umakini wake barabarani ndani ya sekunde tatu kabla ya kishindo. Shirika la Afya Duniani nalo husema anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne zaidi, na kwamba kutumia vipokea sauti vya masikioni hakuleti usalama mkubwa kuliko kushika simu mkononi. Mkono si tatizo peke yake. Akili ikiwa kwenye mazungumzo, macho yanaweza kuangalia taa ya breki yasiione.

Madereva wengi wa njia hii wanajua kanuni ya sekunde mbili: chagua mlingoti, gari la mbele likiupita hesabu hadi mbili, na usiufikie kabla hujamaliza. Sababu wanayotoa ya kutoifuata ni kwamba ukiacha nafasi, matatu ya njia ya 237 itaingia hapo. Ni kweli, itaingia. Na ikiingia, utalegeza mguu kidogo, nafasi itarudi, na utafika Nairobi umechelewa kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo hasara yote.

Simu kama jembe

Sheria ipo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinamtoza Sh2,000 dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo. Lakini Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015, ikifuatwa na wenzake, simu iligeuka kuwa jembe la dereva. Inamletea mteja, inamwonyesha njia, inamwambia bei, inapokea malipo. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilileta huduma ya bei nafuu ya ChapChap iliyotegemea magari madogo zaidi, na leo mitaa ya Ruiru, Juja na Thika imejaa Alto na Vitz zenye simu iliyobanwa kwenye dashibodi.

Dereva huyo anapoendesha, ombi la safari linaingia likiwa na sekunde chache za kulikubali kabla halijaenda kwa mwingine. Akitazama barabara, amepoteza mlo. Akitazama simu, amehatarisha roho. Kumwambia awe makini kisha kumwachia uamuzi huo kila baada ya dakika chache ni kumtwisha peke yake mzigo ambao si wake peke yake. Simu inajua gari liko kwenye mwendo gani. Inaweza kuzuia ombi lisitokee mpaka gari lisimame, au kumruhusu ajibu kwa sauti moja fupi. Kampuni zinazovuna pesa kwa kila safari zina uwezo wa kufanya hivyo, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, inapaswa kulifanya sharti la leseni zao.

Na sisi abiria tumo. Ni mteja anayepiga simu mara tatu kuuliza, uko wapi, ilhali ramani inamwonyesha gari linakuja. Ni mke, mume na bosi wanaojua fika kwamba mtu wao yuko barabarani na bado wanataka ajibu papo hapo.

Magari yenyewe yana mchango. Mengi huja na skrini inayoongea Kijapani na ramani ya Osaka isiyojua Makongeni iko wapi, basi dereva hulazimika kutumia simu. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba baadhi ya Vitz zilizotengenezwa kuanzia 2015 zina kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, inayoweza kupiga breki yenyewe ikiona gari limekaribia mno. Japani imeifanya breki hiyo kuwa lazima kwa magari mapya ya abiria kwa awamu tangu Novemba 2021, na kwa sheria yetu ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka minane, magari yenye breki hiyo yatakuja kwa wingi. Kioo kikivunjika na kubadilishwa bila kamera kupimwa upya, au stika ya bima ikibandikwa mbele yake, kifaa hicho kinapofuka. Anayenunua gari amuulize muuzaji kama linacho na kama kinafanya kazi.

Gari dogo, lori kubwa

Vitz ikigonga Demio, mara nyingi hasara huishia kwa fundi wa kunyoosha bodi. Vifo vinakuja pale gari dogo linapogonga lori. Bodi ya gari imeundwa kujikunja mbele ili inyonye nguvu ya kishindo, na mifuko ya hewa hufunguka inapohisi kishindo hicho. Lakini sakafu ya lori iko juu. Boneti inapita chini yake bila kugusa kitu, na kinachogonga chuma kwanza ni kioo, kimo cha vichwa vya walio ndani.

Usiku hatari hiyo huongezeka. Lori limeharibika, dereva amekata matawi akayatupa nyuma yake badala ya kuweka laifseva, ile pembetatu ya kuakisi mwanga, na sehemu hiyo ya barabara ni giza kwa sababu waya na milingoti ya taa vimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kukosa laifseva kunatozwa Sh3,000, na lori bovu linaweza kuua familia nzima. Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini, KeNHA, inadaiwa taa zinazowaka. Polisi wa doria wanadaiwa kuyaondoa malori haya kabla ya giza kuingia. NTSA ilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliouawa barabarani nchini mwaka 2024. Idadi hiyo haitashuka kwa mabango ya kuwahimiza madereva peke yake.

Mwenye gari dogo naye ana kazi ya kufanya asubuhi kabla hajaondoka: kuangalia kama taa zote za breki zinawaka. Balbu ni bei ya chai na mandazi, na ndiyo lugha pekee anayozungumza na aliye nyuma yake. Kiegemeo cha kichwa kiinuliwe hadi kilingane na utosi. Kikikaa chini ya shingo, hugeuka egemeo la kuivunjia. Mkanda ufungwe hata nyuma, kwa maana katika gari lenye buti fupi aliyeketi nyuma ndiye aliye karibu zaidi na kishindo.

Baada ya kishindo

Kama hakuna aliyeumia, pigeni picha haraka za magari yalivyosimama, namba za usajili na stika za bima, kisha yasogezwe kando na laifseva ziwekwe. Waliokufa wakibishana katikati ya njia, wakigongwa na gari la tatu, si wachache. Toeni majina na namba kwa kila upande, na ajali iripotiwe kituoni ndani ya saa 24 ili abstrakti ya polisi ipatikane. Akiwapo aliyeumia, magari yaachwe na polisi waitwe. Maumivu ya shingo hupenda kuchelewa hadi kesho yake. Usione aibu kwenda hospitali ya Thika Level 5 hata kama jana ulisema u mzima.

Kwa kawaida lawama humwangukia aliyegonga, kwa sababu alitakiwa kuacha nafasi ya kusimama. Akiwa na bima ya thadi pati tu, gari la mwenzake litatengenezwa, lake atalilipia mwenyewe, na kwa dereva wa teksi wiki tatu gereji ni wiki tatu bila kodi ya nyumba wala karo.

Kinachotakiwa kinajulikana. Weka njia kwenye ramani kabla ya kuwasha injini. Bandika simu juu, karibu na kioo, wala isikae pajani. Washa kizuizi cha ujumbe wakati wa kuendesha. Simu nyingi za kisasa zinacho. Hesabu sekunde mbili, nne kukinyesha. Ukiwa abiria na dereva akaanza kuandika, mwambie bila kuogopa: kaka, weka simu, nitakusomea mimi. Na ukijua mtu wako yuko kati ya Thika na Ruiru, usimpigie. Akifika atapiga.