Jicho Libaki Kwenye Picha

Asubuhi ya ndoa, bibi anamvisha mjukuu wake mkufu, na kamera inaiwahi picha. Sasa iwekwe wapi? Inafaa albamu ya familia, inafaa zile chache ambazo maharusi wanazidai jioni hiyo hiyo wazitume kwa ndugu, na inafaa kuonyeshwa wateja wajao. Mpiga picha anayetegemea folda peke yake atainakili mara tatu. Akirekebisha mwanga kwenye nakala moja, zile mbili hazina habari. Msimu wa harusi ukiisha diski imejaa, na nakala iliyokamilika ni ipi, hajui tena.

Folda ni mahali, na faili moja haliwi mahali pawili. Mkusanyiko ni kitu kingine kabisa: ni orodha. Katika Lightroom, programu ambayo Adobe ilitoa toleo lake la kwanza rasmi mwaka 2007, kila picha iliyoingizwa huandikwa kwenye katalogi, na katalogi hiyo ni hifadhidata ya aina ya SQLite. Ukiongeza picha kwenye mkusanyiko, kinachoandikwa ni kwamba picha fulani imo katika orodha fulani, basi. Faili lenyewe haliguswi wala halihami. Wakutubi walilijua jambo hili zamani: kitabu kimoja kwenye rafu moja, lakini kadi zake ziko kwenye droo ya waandishi, ya mada na ya majina ya vitabu. Picha ya megabaiti 30 ikiwa katika mikusanyiko mitano bado inakula zile zile 30 na vijibaiti vichache vya orodha. Marekebisho nayo huhifadhiwa kama maelekezo, hivyo mwanga ukiongezwa mara moja unaonekana katika orodha zote tano.

Mbinu hii haina thamani kwa mtu asiyeitumia, na wengi hawaitumii kwa sababu kupanga kunachosha. Hapo ndipo vitufe vya kibodi vinapoingia, na nina hakika umuhimu wao hupuuzwa hata na wapiga picha hodari.

Mwaka 1980 watafiti watatu wa Marekani, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, walichapisha kipimo cha muda anaotumia mtu mzoefu kutenda jambo kwenye kompyuta. Walivunja kazi vipande vipande. Kusogeza kipanya hadi kwenye shabaha huchukua wastani wa sekunde 1.1. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mchapaji wa kawaida, ni sekunde 0.28. Kujiandaa kiakili kabla ya kitendo ni sekunde 1.35.

Chukua harusi yenye picha 1,500. Ukiburuta kila picha kwa kipanya hadi kwenye mkusanyiko, una safari mbili za mkono kwa kila moja: kuifuata picha, kisha kuupeleka mshale kwenye orodha. Ni sekunde 2.2, na kwa picha zote ni dakika 55 za mkono kusafiri tu. Kwa kitufe ni dakika 7. Akili yenyewe, kwa kipimo kile kile, inadai kama dakika 34 katika hali zote mbili. Kwa kipanya, basi, sehemu kubwa ya muda wako inaliwa na mkono. Kwa kibodi inaliwa na kuamua. Na kuamua ndiyo kazi ya mpiga picha. Zaidi ya hayo, kila safari ya kipanya hulivuta jicho kutoka kwenye uso wa bibi hadi pembeni mwa skrini, na likirudi huanza kuisoma picha upya.

Katika Lightroom Classic herufi ya kuijua kwanza ni B. Ukiibonyeza, picha inaingia katika mkusanyiko wa haraka. Ukiibonyeza tena, inatoka. Ctrl+B inakuonyesha ulichokusanya, na Ctrl+Alt+B inakihifadhi kwa jina la kudumu. Kwenye Mac shika Command badala ya Ctrl, na Option badala ya Alt. Unaweza pia kuuteua mkusanyiko wowote uliokwisha kuuunda uwe lengo, na tangu hapo B itapeleka picha huko moja kwa moja. Ukibonyeza Delete ukiwa ndani ya mkusanyiko wa kawaida, picha inaondoka kwenye orodha tu. Faili liko salama.

Kabla ya B, kuna mchujo. P ni kuteua, X ni kukataa. Washa Caps Lock, na programu itakupeleka kwenye picha inayofuata kila unapoamua. Nashauri mzunguko wa kwanza uishie kwenye herufi hizo mbili, nyota za kupima ubora zisubiri. Mwaka 1952 William Edmund Hick alionyesha kwamba muda wa kuitikia unarefuka kadiri machaguo yanavyoongezeka. Kumuuliza mtu aliyechoka kama picha inastahili nyota tatu au nne, mara 1,500, ni kumtesa bure. Kwa asiye na fedha za kulipia Lightroom kila mwezi, programu ya darktable ni ya bure: namba 1 hadi 5 hutoa nyota, R hukataa, F1 hadi F5 huweka rangi.

Haya hayawahusu wafanyabiashara wa picha peke yao. Mwaka 2010 Steve Whittaker, Ofer Bergman na Paul Clough waliwaomba wazazi watafute picha zao wenyewe za matukio makubwa ya familia yaliyopita zaidi ya mwaka mmoja. Karibu asilimia 40 ya picha hazikupatikana. Leo simu zinapiga nyingi zaidi, na picha ya mtoto iliyozama kati ya picha za risiti na salamu za asubuhi ni vigumu kusema bado unayo.

Kuna hatari moja ambayo kila anayejenga mikusanyiko anapaswa kuijua: orodha hizo zinaishi ndani ya katalogi, na hazisafiri na faili. Apple iliacha kuuza programu yake ya picha, Aperture, mwaka 2015, na Google ikaachana na ya kwake, Picasa, mwaka 2016; waliokuwa wamepanga picha za miaka humo walilazimika kuhama. Maneno ya utambulisho, yaani majina ya watu, mahali na tukio, yana mahali pake ndani ya faili au katika faili dogo la XMP linalokaa kando yake, na programu nyingine huweza kuyasoma. Kwa hiyo mkusanyiko wako wa Lightroom ukikamilika, uchague wote kwa Ctrl+A, bonyeza Ctrl+K uandike majina, kisha Ctrl+S yahifadhiwe nje ya katalogi. Andika jina la bibi kamili, na la kijiji chake. Katalogi nayo inakiliwe kwenye diski ya pili, kwa sababu kuhifadhi picha bila katalogi ni kuacha nyuma saa zote ulizotumia kuchagua.