Magurudumu ya Mbingu na Doria ya Ziwani

Apitaye ufukweni Rumonge usiku wa giza huona taa nyingi ziwani: ni wavuvi wanaowavuta ndagala kwa mwanga. Mwezi ukipevuka, taa hizo hupungua, kwani taa haishindani na mwezi. Mvuvi hupumzika, lakini askari wa doria hana mapumziko ya mwezi mpevu. Basi yampasa kuujua mwezi kama mvuvi aujuavyo.

Mwendo huo umefundishwa kwa mitambo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 18, fundi saa wa Uingereza, George Graham, aliunda kielelezo cha magurudumu ya meno, ambamo dunia hulizunguka jua na mwezi huizunguka dunia.

Mwaka 1774, mjini Franeker, Uholanzi, sayari kadhaa zilionekana kukaribiana angani. Andiko la kasisi mmoja likazusha hofu kwamba zingegongana na dunia ingeangamia. Eise Eisinga, mchana sufu, alijibu kwa kazi ya mikono. Hadi mwaka 1781 alikuwa amejenga, katika dari ya sebule yake, kielelezo cha sayari 6 kinachoendeshwa na saa ya timazi, meno ya magurudumu yake yakiwa ni misumari. Humo Zohali hutimiza mzunguko mmoja kwa miaka 29 na zaidi, sawasawa na angani. Mtambo huo ungali ukienda, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Uvumi ulikwisha, ushahidi umebaki. Askari anayetuliza raia wenye hofu na alikumbuke hilo.

Kambini hatuhitaji misumari. Taa iwe jua, chungwa liwe dunia, na chikichi, ambalo halikosekani Rumonge, liwe mwezi, hatua tatu kutoka kwenye chungwa. Lizungushe. Likiwa upande wa taa, uso wake unaolielekea chungwa una giza: ndio mwezi mwandamo. Likiwa upande wa pili, uso huo wote hung'aa: ndio mwezi mpevu. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu.

Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Ukichomoza leo saa mbili usiku, kesho utarajiwe karibu saa tatu kasoro dakika kumi. Mlinzi ajuaye hesabu hiyo hujua mapema saa ambayo giza litamficha, na saa ambayo mwanga utamfichua.